Siku Lango Lilipolazwa

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu alifundisha tashtiti kila muhula wa pili, kidato cha tatu, na darasa lilisinzia. Alikuwa na mwandiko mzuri. Kila mwaka aliandika ubaoni, "Tashtiti: kumcheka mtu au jamii ili ijirekebishe," kisha akajipangusa chaki mikononi na kueleza jinsi mtunzi anavyoweza kukisifu kitu anachokilaani, akakikuza kichuguu kikawa mlima, akamfanya mkosaji ajicheke mwenyewe bila kujua. Wanafunzi walinakili neno kwa neno, pamoja na kikohozi chake kama kingeandikika.

Mdogo wake hakuwa amemaliza hata kidato cha nne. Kiswahili ndicho kilichomwangusha. Tangu utotoni walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na jina likamfuata hadi hospitalini alikokuwa karani wa masjala. Kutwa alikuwa kwenye kile chumba chembamba chenye rafu hadi darini, akitafuta mafaili yaliyofungwa kwa kamba, huku wagonjwa wamebananisha nyuso kwenye kidirisha chake. Aliwachekesha wakasahau kwamba faili halijapatikana.

Dada hao wawili waliishi na mama yao. Mama alimpenda kila mmoja, hilo halikuwa na ubishi. Ila akimtaja mkubwa alisema "Mwalimu wetu," kwa adabu, kama anayezungumzia mgeni. Akimtaja mdogo alianza kutabasamu kabla hajamaliza jina.

Mwalimu aliliona hilo, akalimeza. Alikuwa amewahi kuandika tamthilia moja, nzito, yenye mafunzo, ikachezwa mara moja kwenye ukumbi wa shule. Watazamaji walitulia kama watu waliokaa matanga. Ilipokwisha, mama alimshika mkono akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, yule aliyekufa mwishoni alikuwa anaumwa nini?"

Mwaka huo hospitali ilipata lango jipya. Mganga Mkuu alilisimamia mwenyewe, kuanzia nguzo za marumaru hadi nakshi za chuma na taa juu yake. Akasimamisha na mlinzi wa kulifuta vumbi. Ndani ya lango hilo, wodi nzima ya wanaume ilikuwa na kiti kimoja cha magurudumu, na gurudumu lake la kushoto lilifungwa kwa bendeji. Wafanyakazi walinung'unika chini kwa chini, basi. Nani angemfunga paka kengele?

Siku ya wafanyakazi ilipofika, Chiriku na wenzake wanne waliomba dakika ishirini waonyeshe mchezo. Mwalimu alialikwa pamoja na mama. Wakakaa safu ya tatu.

Mchezo ulianza na mzee aliyejishika tumbo. "Karani, nakufa," akalia. Karani akamwambia, "Ngoja zamu yako, baba. Kuna mgonjwa mahututi." Hapo wakaingia watu wawili wakikimbia, wamebeba lango la maboksi lililopakwa rangi ileile ya lango jipya, wakalilaza kitandani na kulifunika shuka. Chiriku, ndani ya koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akaliwekea kipimo kifuani na kusikiliza huku amefumba macho.

"Bawaba zinakoroma," akasema kwa majonzi. "Nesi! Litundikie dripu ya grisi! Ndugu wa lango wako wapi? Waambieni wasikate tamaa."

Mzee mwenye tumbo akapewa chupa ya dripu aishike. Baadaye akaulizwa damu yake ni kundi gani, kwa sababu lango lilikuwa limepauka na lilihitaji rangi. Alipoanguka, wote walimruka kwenda kulipigia makofi lango, ambalo lilikuwa limefumbua kufuli. Chiriku akapiga magoti akalia machozi ya kweli. "Tulidhani tutakupoteza! Hospitali bila wagonjwa inawezekana. Lakini hospitali bila lango?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wapishi waliegemeana. Mama alijipiga mapajani akisema, "Huyu mtoto! Huyu mtoto!" Na Mganga Mkuu, pale mbele, alicheka hadi akatoa leso. Mwishoni alisimama peke yake na kupiga makofi. "Mmeona?" akawageukia watu. "Mmeona vijana wanavyolithamini lango letu?"

Mwalimu naye alikuwa amecheka. Kicheko kilimponyoka kabla hajakikamata. Kisha akajikuta anahesabu: hapo amesifu anachokilaani, hapo amekuza, hapo mkosaji anajicheka bila kujua. Yote yalikuwamo, moja baada ya jingine, kama alivyoyaandika ubaoni miaka yote, ila haya yalikuwa yanapumua. Wakati watu wanamzonga Chiriku kumpongeza, yeye alimwambia mama kwamba jua kali limemuumiza kichwa, waondoke.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, Mganga Mkuu alifika shuleni. Binti yake alisoma kidato cha tatu, lakini hakuja kwa ajili ya binti. Alimkuta Mwalimu peke yake kwenye chumba cha walimu, anasahihisha insha.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba mdogo wako."

"Kumwomba, Daktari? Wewe si una mke?"

"Aa, usinielewe vibaya!" Akacheka, akavuta kiti. "Mwezi ujao tuna wageni kutoka wizarani. Nataka wauone ule mchezo wa lango. Nimembembeleza Chiriku tangu jana, anakwepakwepa, anasema ule ni wa nyumbani tu. Wewe ni dada yake, atakusikia. Mwalimu, yule ana kipaji! Nimesoma, nimetembea dunia, sijaona mtu anayejua kusema jambo kama yeye. Na nasikia hata shule hakumaliza. Kweli, kipaji hakisomewi."

Maneno hayo mawili ya mwisho yaliingia kama mwiba na kuvunjikia ndani. Mwalimu akaiweka kalamu chini.

"Daktari, ule mchezo uliuelewa?"

"Nani asiyeuelewa? Ni sifa za lango."

Hapo angeweza kunyamaza. Baadaye alikumbuka vizuri kabisa kwamba palikuwa na nafasi ya kunyamaza, pana, ya kutosha mtu kunywa funda la maji. Lakini roho ilishamuuma.

"Yule mzee aliyeumwa tumbo ni nani?" akauliza kwa sauti ya darasani.

"Ni mgonjwa tu. Wa kuchekesha."

"Ni wagonjwa wako wote. Na wale waliomruka?"

Mwalimu akaendelea, hatua kwa hatua. Akamweleza kwamba sifa zikizidi kipimo huwa ni kilemba cha ukoka, na kwamba grisi, rangi, na machozi kila kimoja kilikuwa na maana yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikuwa na mwanafunzi aliyekaa wima na asiyepepesa macho. Aliona raha. Hilo ndilo lililokuja kumtia aibu kuliko yote: kwamba aliona raha.

"Na yule daktari aliyelipigia lango magoti?" Mganga Mkuu akauliza, taratibu sana.

"Huyo ni wewe."

Akainuka, akashukuru, akarudisha kiti mahali pake. Mwalimu akajiambia kwamba amemwokoa mdogo wake na fedheha mbele ya wageni. Akajiambia hivyo hadi jioni.

Jioni Chiriku alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni. "Mama, nimehamishwa. Kuanzia Jumatatu siko masjala. Nakaa langoni, na daftari, naandika namba za magari."

"Umekosa nini?"

"Nalipenda lango sana. Basi wameamua kutukutanisha." Akacheka, mama akacheka kwa kuchanganyikiwa. Mwalimu alikuwa anakata vitunguu. Chiriku hakumtazama.

Sasa, wale waliokuwa ukumbini siku ile, wengi walicheka kwa kuwa wengine walicheka. Lakini mtu akihamishwa kwa sababu ya mchezo, kila mmoja hujiuliza mchezo ulisema nini. Wakauliza, wakajibiana. Haikupita wiki, habari ikawa sokoni na vituoni. Wagonjwa wakaanza kulisalimia lango. "Homa imepungua?" mama mmoja aliliuliza, akiwa na mtoto mgongoni. Dereva wa gari la wagonjwa alisimamisha, akachungulia dirishani, akamuuliza Chiriku, "Daktari, dozi ya grisi imeingia?" Wageni wa wizarani walipofika walishangaa kuona watu wanaliinamia lango. Walipomuuliza Chiriku, aliwajibu, "Ni adabu tu, waheshimiwa." Mwezi wa pili vikaletwa viti sita vya magurudumu, vipya, vikapitishwa mlango wa nyuma bila hotuba.

Mwalimu alisikia yote hayo kwenye chumba cha walimu, kutoka kwa wenzake waliompongeza kwa kuwa dada wa Chiriku. Alidhani anazima moto, kumbe alikuwa anaupuliza. Kama asingefungua mdomo, mchezo ungekuwa umesahauliwa kama vichekesho vingine vya sherehe. Sasa mdogo wake alikuwa gumzo la mji, na aliyempandisha ni yeye. Usaliti wake mwenyewe nao ulikuwa umehamia upande wa Chiriku! Akawa halali vizuri, hali vizuri, anawafokea wanafunzi kwa nukta moja tu iliyosahaulika.

Jumamosi moja asubuhi alimkuta Chiriku anapanga nguo kwenye begi.

"Safari ya wapi?"

"Nimepata chumba karibu na kazini."

"Kwa nini? Hapa si kwenu?"

Chiriku aliikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Dada, siku ile Mganga Mkuu aliniita ofisini. Akaniambia, 'Hata dada yako, mtaalamu, amenifafanulia mstari kwa mstari.' Mstari kwa mstari, dada!"

Mwalimu akakaa kitandani. "Ulijua siku zote hizi?"

"Miezi miwili na siku nne. Nilikuwa nasubiri useme."

Nje mama alikuwa anamwita kuku.

"Alielewa lakini?" Chiriku akauliza.

"Alielewa."

"Basi umenishinda. Mimi nilimchezea dakika ishirini nzima, hakuelewa."

Ilikuwa ni mzaha, lakini macho yake hayakucheka. "Kuhamishwa si kitu, kule kuna upepo. Ila ukumbini pale watu mia mbili walikuwa wanacheka tu, na nilijua kuna mmoja anayeelewa kila kitu. Ndiye niliyekuwa namchezea. Unafikiri nilijifunzia wapi, dada? Ni yale madaftari yako ya masomo. Nilikuwa nayasoma ukienda kazini, tangu nilipoacha shule."

Mwalimu alitaka kusema "nisamehe." Neno lilifika kwenye ulimi likakwama, kwa kuwa nyuma yake lilikuwa limepanga foleni neno jingine, baya zaidi: kumbe ni changu! Kumbe kile kipaji ni madaftari yangu! Akaona haya kwa hilo. Chiriku akafunga zipu na kutoka.

Nyumba ilipoa. Mama alianza kulala mchana.

Miezi mitatu ilipita ndipo tangazo likabandikwa: Chiriku na wenzake wangeonyesha mchezo mpya kwenye ukumbi wa mtaa, Jumapili saa tisa alasiri. Mama akasema anakwenda. Mwalimu akampeleka.

Safari hii Chiriku alitokea na miwani mikubwa na chaki sikioni. Waigizaji wenzake walikuwa wanacheka pamoja kwenye benchi la jukwaani, yeye akaingia na rula. "Nani amewaruhusu kucheka kabla ya fasili? Kicheko kina sehemu nne! Chekeni sehemu ya kwanza. Ha. Inatosha! Andikeni tarehe." Mara mtu akatumbukia shimoni, akapiga kelele, "Nisaidieni, nazama, nazama kama jiwe!" Mwalimu wa jukwaani akaliinamia shimo, akapandisha miwani. "Darasa, huyu ametumia tashbihi au sitiari?"

Ukumbi ukapasuka. Hata kikohozi kilikuwa chenyewe. Mwalimu alihisi masikio yanawaka moto. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa umefika kwa binadamu.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yake, mgeni kwake, akamgusa bega huku anafuta machozi. "Anamsema nani huyu?"

"Ananisema mimi," Mwalimu akajibu.

Yule mama akaufunga mdomo, akajisogeza kidogo kwenye benchi. Lakini aliyekuwa shimoni akajibu, "Tashbihi, Mwalimu," na yule mama akaangua kicheko tena, hakuweza kujizuia.

Watu walipotawanyika, Mwalimu alipita nyuma ya jukwaa. Chiriku alikuwa anahangaika na meza ya ukumbi, peke yake.

"Shika huko, dada, tusivunje mguu wa meza ya watu." Wakaibeba. Katikati ya ukumbi Chiriku akauliza, "Umeonaje?"

"Pale pa tarehe umepita haraka. Ungewaacha waandike kwanza, watu wangecheka mara mbili."

Chiriku akafikiri. "Kweli. Na shimoni?"

"Shimoni sina la kusema." Mwalimu akasimama, meza ikasimama naye. "Natamani ningepaandika mimi. Nina wivu na wewe. Ndio maana nilisema kwa yule mtu. Hakukuwa na sababu nyingine, nyingine zote nilizitunga. Nisamehe."

"Wivu najua," Chiriku akasema. "Mama naye anajua. Nilikuwa nangoja hilo la mwisho." Hakusema amesamehe. Alisema, "Twende, mkono unaniuma."

Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata. Jumapili ya tatu alikuja kumsalimia mama, akala, akaongea kama kawaida yake. Kabla ya kuondoka alitoa daftari kwenye mkoba, akaliweka mezani mbele ya dada yake. Lilikuwa la mchezo mwingine.

"Soma uniambie wapi panapwaya."

Mwalimu akafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mzuri, mzuri mno, na roho ikamuuma palepale. Akavuta kiti, akatafuta kalamu.