Herufi Nono za Kivuva

Kibwezi nzima hapakuwa na baa wala bucha yenye sura kabla mkono wa Kivuva, fundi wa kuandika mabango, haujaipitia. Herufi zake zilikuwa nono, zenye vitambi na makalio. B ilijisukuma mbele kama mama wa sokoni anayetafuta nafasi, na O ilicheka mdomo wazi. Msafiri wa barabara ya Mombasa aliziona kwa mbali, njaa ikamshika kabla hajajua kama ile ni hoteli. Kivuva alizipenda, tena kwa majivuno.

Mwaka wa sabini na sita aliokoka, akataka kufunga ndoa kanisani na Kalunde, mwanamke aliyeishi naye bila baraka za mtu. Mzee Ndolo, kiongozi wa wazee wa kanisa, akamkazia macho.

"Ndugu Kivuva, hizo herufi ni za pombe. Zinatingisha kiuno. Hatuwezi kukufungisha ndoa na shetani ako kwa brashi yako."

Waliookoka siku zile walichoma vitu vyao vya zamani mbele ya kanisa. Wenzake walileta hirizi na ngoma. Kivuva alileta zile karatasi ngumu alizokatia umbo la kila herufi, akazitia motoni, A kwanza. Waumini waliimba. Kalunde alilia, watu wakasema ni Roho.

Ndoa ikafungwa. Tangu hapo Kivuva aliandika herufi nyembamba tu, zilizosimama wima kama watoto wa shule wanaongojea kiboko. Wenye baa wakatafuta fundi mwingine. Alivumilia, maana ahadi ni deni.

Mwaka wa themanini na tisa yakaja mabango ya mkutano wa injili kutoka Nairobi. YESU ANAKUPENDA, kwa herufi nono, P imetoa tumbo, S inakata kiuno. Kivuva aliisogelea ile P, akaifuatisha kwa kidole.

"Ona vile zinaita watu!" Mzee Ndolo alichekelea. "Ndugu Kivuva, tuandikie kama hizi kwa ukuta wa kanisa."

Hasira ilimpanda, lakini furaha iliipiku. Angeziandika tena! Alipanda ngazi, Kalunde akiishikilia, akaanza na Y. Ikatoka imekonda. Akaiongezea rangi huku na huku, ikavimba kama mgonjwa, haikunona. Akaifuta, akarudia, akafuta tena. Mkono ulikuwa umeshika adabu, haukutaka kucheza.

Mzee Ndolo alimtazama kwa huruma. "Kumbe hizi hujui. Si makosa yako, ndugu. Tutaita yule fundi wa baa, yeye amezoea."

Kalunde alifungua mdomo. Kivuva akamtikisia kichwa, kwa sababu alikuwa amemwangalia mzee usoni na hakuona dhihaka yoyote. Mzee alikuwa amesahau kabisa, na hilo lilimchoma kuliko ule moto.

"Ndiyo, mzee," alisema, akishuka ngazi. "Hizi sijui."