Nyigu na Bubu

Wiki ya tatu baada ya kumzika kaka yangu, mjane wake alinipigia simu nikiwa kazini, mgonjwa kakaa kitini mdomo wazi.

"Shemeji," alisema, "njoo uchukue gari lako."

Nikamwambia gari si langu, ni la watoto.

"Watoto hawalitaki. Na mwenyewe aliandika jina lako. Njoo, tafadhali. Siwezi tena kupita kwenye ule mlango wa gereji."

Mimi ni daktari wa meno. Kaka alikuwa muuza vigae, na watu walimwita Mzee Vigae hata kabla hajaota mvi. Tulizaliwa wawili tu, kwa baba aliyekuwa akishona viti vya magari ya watu wengine. Tumekulia ndani ya magari yasiyo na viti, tumekaa sakafuni, tukishika usukani kwa zamu na kunguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka. Kwa hiyo mambo yetu yaliponyooka, kila mmoja alifanya kichaa chake: akanunua gari la mbio. Lake la njano, injini nyuma tu ya viti, silinda kumi, gia za mkono. Langu la kijivu, injini mkiani kabisa, gia zinajibadilisha zenyewe. Langu alilibatiza Bubu, eti halina sauti. Lake nikaliita Nyigu, nikidhani ataudhika, kumbe akalipenda jina kupita kiasi. Tuliyataja kama watu.

Tuliishi miji miwili, kilomita mia saba kati yetu. Kila Jumapili saa nne asubuhi alinipigia simu, na kwa miaka tisa tulibishana kuhusu jambo hilo hilo.

"Bubu wako ni kabati lenye magurudumu," angesema.

"Nyigu wako hana hata pa kuweka mwavuli."

"Nani anataka mwavuli? Msikilize huyo!" Na hapo angekanyaga mafuta, injini ipige kelele mpaka niitenge simu na sikio. Kisha angenisimulia alikokwenda wiki hiyo: ziwani, mpakani, milimani. Hasa milimani. Kulikuwa na kona moja baada ya daraja la tatu aliyoiita Kisigino, kwa jinsi ilivyopinda. Aliniambia anaingia pale kwa gia ya tatu, mkia wa Nyigu unateleza kidogo tu, kama mtu anayeinua bega, halafu unatulia. Mimi nikamjibu kwamba naijua sana Kisigino, kwamba nimepita hapo na Bubu nikienda mkutanoni, na Bubu hakutikisa hata kikombe. Tulibishana kuhusu kona hiyo miezi miwili mizima.

Hatukuwa na mazungumzo mengine. Mke wangu aliponiacha, kaka aliniuliza tairi za nyuma zinaendeleaje. Nikamwambia zimelika upande mmoja. Akasema, "Pole sana, mdogo wangu." Basi, huko ndiko kulia kwetu.

Jumamosi nikapanda ndege. Shemeji alinipokea mlangoni na ufunguo mkononi, akauweka kiganjani mwangu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Gereji ilikuwa safi kuliko zahanati yangu: sakafu ya vigae vyeupe, bila shaka, na ukutani kitambaa laini kimoja kwenye msumari. Nyigu alilala katikati, chini kabisa, aking'aa njano. Nilimzunguka mara mbili kwa jicho la mnunuzi. Rangi haikuwa na mkwaruzo. Halafu nikapapasa tairi. Mpira ulikuwa mgumu kama kwato, na vile vinyweleo vidogo vya kiwandani bado vimesimama ubavuni.

Nikaingia, nikawasha umeme wa dashibodi, nikasoma mita. Kilomita elfu sita na mia mbili.

"Shemeji," nikasema, "hii mita imebadilishwa?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa amesimama nje ya mlango, hajavuka kizingiti.

"Miaka tisa," nikasema. "Ziwani peke yake kwenda na kurudi ni kilomita mia nne."

"Alikwenda mara moja," akasema. "Mwaka wa kwanza."

Akanieleza akiwa amesimama pale pale, mikono kaifunga kifuani. Ulianza mguu wa kushoto. Klachi ya Nyigu ni nzito, na siku moja kwenye taa za barabarani mguu ulikataa kuikanyaga, gari likamzimikia mbele ya watu. Akasema ni uchovu. Kisha ukaja mkono. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, ugonjwa usio na haraka lakini hauna kurudi nyuma, na akamkataza kuendesha chochote. Huo ulikuwa mwaka wa pili.

"Mliniambia ni mgongo," nikasema. "Na mwishoni mkaniambia mapafu."

"Mwishoni yalikuwa mapafu kweli. Kiti chake cha magurudumu nilikificha stoo siku ya msiba, kama alivyoniagiza. Hakutaka ujue. Alisema wewe ukijua utaanza kumhurumia, na ukimhurumia utamwachia ashinde."

Nikakumbuka harusi ya binti yao, miaka minne nyuma. Kaka hakuinuka mezani hata mara moja, na glasi aliishika kwa mikono miwili. Nilimtania mbele ya wageni: "Mzee, siku hizi glasi zinauzwa kwa uzito?" Watu wakacheka. Naye akacheka. Mimi ambaye kutwa kucha natazama mikono ya watu inayotetemeka kwa kuogopa sindano, niliona ule mtetemo na sikuuona.

"Sasa ile injini?" nikauliza. "Kila Jumapili?"

"Nilikuwa namkalisha hapo ulipo. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu bado, anakanyaga mafuta mwenyewe. Akimaliza namtoa. Kumtoa ndiko kulikuwa kazi, gari lenyewe liko chini namna hii. Wakati mwingine tulianguka wote wawili hapo sakafuni tukabaki tunacheka. Mwaka jana mguu huo nao ukakataa, ikawa nakanyaga mimi kwa fimbo."

"Na safari?"

"Tulizitunga Jumamosi. Mimi namsomea ramani, yeye anafumba macho. Hakupenda kukosea kona."

Nilikaa na mikono kwenye usukani. Hatimaye shemeji akavuka kizingiti, akafungua mlango wa abiria, akajishusha kitini kwa ustadi wa mtu aliyezoea.

"Nipeleke Kisigino," akasema. "Nimepasoma sana kwenye ramani, sijawahi kupaona."

Fundi wa mtaani kwao alikuja akaangalia breki na upepo, akaguna kuhusu zile tairi, akaniambia niende polepole. Tukaondoka saa nane mchana, mvua ya rasharasha.

Kwa miaka tisa nilikuwa nimemchambua Nyigu kwa mdomo. Sasa nikamjua kwa mwili. Kiti ni ubao. Kila shimo la barabara linakufikia uti wa mgongo bila salamu. Huoni nyuma, joto la injini linakupikia mabega, na klachi, Mungu wangu, baada ya foleni moja tu goti langu lilikuwa linalia. Bubu hana shida hizo hata moja. Bubu anakuchukua kama mgonjwa kwenye machela. Lakini tulipotoka mjini na sindano ya mizunguko ya injini ikapita elfu sita, kitu fulani kikatushika mgongoni na kutusukuma, na gia ikaingia kwa mlio mdogo wa chuma kwa chuma, na nikajikuta natabasamu huku machozi yakinitoka, jambo ambalo Bubu hajawahi kunifanyia. Kaka alikuwa sahihi tangu Jumapili ya kwanza. Nyigu ni bora. Si mzuri zaidi, wala hana akili zaidi. Bora tu.

"Unasemaje?" shemeji akauliza.

"Lake ni bora."

Akatazama dirishani. "Mimi naona kelele tu."

Tukavuka daraja la kwanza, la pili, la tatu. Nikaingiza gia ya tatu, nikajiandaa. Mbele yetu kulikuwa na mlima uliokatwa katikati, na barabara imenyooka kama rula mpaka inapotelea kwenye ukungu. Nikaenda kilomita tatu, nikageuza. Hakuna kona. Mzibua mitaro alikuwa kaegemea koleo lake kando ya lami, nikashusha kioo nikamuuliza.

"Kona ya zamani?" akasema. "Walishainyoosha. Inafika mwaka wa kumi na moja sasa. Watu walikuwa wanaisha pale." Akaonyesha kwa koleo upande wa kushoto, nyuma ya ukuta wa nyasi. "Ipo bado, lakini haiendi popote."

"Ramani yetu ilikuwa ya zamani," shemeji akasema taratibu.

Tukashuka, tukapita kwenye nyasi zilizolowa. Ilikuwepo. Kipande cha lami kilichopasuka, mstari mweupe umefifia katikati, kinapinda ghafla kuzunguka jabali kisha kinaishia kwenye kichuguu cha udongo. Shemeji akatembea katikati ya mstari, viatu mkononi, mpaka pale panapopinda sana. Akasimama.

"Ni kali kweli," akasema. "Alisema ni kali." Kisha akanigeukia. "Wewe ulimwambia umepita hapa."

Ningeweza kusema kitu. Nimeshawaambia watu wengi kwamba haitauma.

"Nilidanganya," nikasema. "Mkutanoni nilikwenda kwa ndege. Bubu kwa miaka ile alikuwa hatoki uani. Tangu mke wangu aondoke sikuwa na pa kwenda."

Shemeji alinitazama muda mrefu, mvua ikimteremka usoni.

"Alikuamini," akasema. "Siku ile ulipomwambia Bubu hakutikisa hata kikombe, hakula mchana. Aliniambia, 'Mdogo wangu ananishinda, na mimi siwezi hata kutoka nikahakikishe.' Alinuna wiki nzima."

Tulisimama pale, kila mmoja upande wake wa mstari. Nilitaka kuomba msamaha, nikakosa wa kumwomba. Baadaye shemeji akavaa viatu, akasema baridi imemwingia, turudi.

 Pale kwao nilimzima Nyigu barabarani, sikumrudisha gereji, na Jumatatu lori la kubeba magari likamchukua likamleta kwangu. Bubu nilimuuza mwezi uliofuata kwa mhandisi mmoja kijana aliyetaka kujua kama gari lina kasoro. Nikamwambia halina. Shemeji alihamia kwa binti yake, na katika ile nyumba sasa wanakaa wapangaji wenye gari la kawaida. Huwa tunasalimiana na shemeji kwa simu, mara moja moja, tunaulizana afya, na kila mmoja anajibu kwamba ni mzima.