Kibali cha Njia ya Msituni

Suud hakuwa na breki za kuaminika, hakuwa na tairi la akiba, hakuwa na kibali cha kupita msituni, na subira hakuwahi kuwa nayo.

Tangu vita vipambe moto, watu walikuwa wakiviziwa kwenye barabara ya lami. Kwa hiyo Landrova yake ilipeleka chumvi milimani kwa njia ya msitu wa serikali. Njia hiyo hiyo waliteremkia wabeba ndizi wa baiskeli. Sasa mkuu wa misitu alikuwa amemwandikia: kibali atapewa, na baiskeli zitapigwa marufuku. Akubali tu kwa maandishi.

Asubuhi nzima Suud alizunguka dukani kwake, mtaani Bwiza.

"Mjibu basi, baba Faris," alisema mkewe, Ruqaya. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Mbeba ndizi mmoja, Mawazo, alikuwa amesikia habari. Aliingia bila hodi.

"Patron, bakifunga njia, mi nitapita wapi? Kwa barabara ya risasi?"

"We unashuka kama jiwe! Juzi ulitaka kunigonga."

"Na gari yako ikizama mu matope, ni nani anasukumaka? Mkuu wa misitu?"

Ruqaya alicheka. Suud hakucheka. Akaketi, akaandika: asubuhi baiskeli ziteremke, alasiri magari yapande; bila hivyo, kibali sikitaki. Akailamba bahasha, akaifunga, akampa Mawazo aipeleke mbio, kabla hajabadili nia.