Kigogo cha Makaa Kilichopelekwa Misani

Mzee Abdénago ana mikono ya kukunja chuma na moyo wa kulia kwenye harusi za watu asiowajua. Nalisema hili mapema, maana alichofanya siku ya sikukuu ya Bikira wa Karmeli kingemkasirisha mtu yeyote, na mimi jirani yake kilinichekesha mpaka mbavu zikaniuma.

Yeye ndiye msimamizi wa mtambo wa kuchimba hapa kwetu Peña Honda, milimani Boyacá. Binti yake Nayibe ndiye mtaalamu wa miamba. Wakubwa wa kampuni walitaka kuuhamishia mtambo bonde la pili, Nayibe akawabishia kwamba makaa ya mawe yaliyo chini kabisa ya mlima wetu yana gesi. Wakampa kisima kimoja. Kikiwa kitupu, mtambo unaondoka, na yeye anarudishwa Bogotá kukaa ofisini kama pambo.

Alishatueleza jikoni kwangu, huku anatafuna arepa, mkate wetu wa mahindi. "Mama Briceida, yale makaa yalikuwa miti ya kinamasi. Ikazikwa, milima ikaikalia juu, ikakamuliwa maji. Kadiri ilivyozama ndivyo joto la ardhi lilivyoipika. Mwanzo inatoa jasho la mafuta, ikizidi kuiva inatoa gesi."

"Na hiyo gesi haitoroki?"

"Nyingine ilishatoroka zamani. Nyingine imegandamizwa na ule uzito wa juu, imeng'ang'ania kwenye makaa. Ukiyapandisha huku, uzito haupo tena, na gesi nayo inaaga. Ndiyo maana yakitoka tu yanaingia kwenye mkebe wa chuma, tunafunga, tunapima."

Baba yake alikuwepo, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi siku ya sikukuu, Nayibe alipokuwa ameshuka barabarani kumpokea injinia Urquijo aliyetumwa na wakubwa, kigogo cha kwanza cha makaa, kipande cha mviringo kilichokatwa na mtambo, kikapanda kutoka kisimani, cheusi, kinang'aa. Kwetu makaa ya kwanza ya shimo jipya hayafanyiwi kazi yoyote kabla Bikira wetu, ile sanamu ya kanisani, hajaonyeshwa. Ni hivyo tangu enzi za babu zetu. Abdénago akakifunga kwa shuka jeupe, akakipakata kama mtoto wa kubatizwa, akaenda nacho kanisani. Padri naye siku hiyo alihubiri kana kwamba analipwa kwa neno. Misa ilipoisha ndipo kigogo kikaingia mkebeni.

Alasiri tukauzunguka ule mkebe. Mrija wake uliingia kwenye chupa ya kupimia iliyojaa maji na kufudikizwa ndani ya beseni la maji. Gesi ikitoka, mapovu yanayasukuma maji chini. Hatukuona hata povu la kusingizia.

"Kitupu," Urquijo akasema. "Kesho tunafungasha."

"Haiwezekani," Abdénago akasema. "Nimekiombea misa nzima."

Nayibe akageuka polepole. "Umekiombea wapi, baba?"

"Kanisani. Miguuni pa Mama, pale pale."

"Kwa hiyo gesi yote umemwachia Bikira."

Mzee akaketi juu ya bomba, rangi imemtoka. "Nilitaka akusaidie wewe," akasema. Kicheko changu kikakatika. Niliwahurumia wote wawili.

Nayibe hakulia. Alimwambia Urquijo kwamba chini ya tabaka lile kuna jingine, lililoiva zaidi, na mtambo bado uko shimoni. Urquijo alikuwa ameshakula bakuli mbili za supu yangu ya viazi, na mtu aliyeshiba hana ukali. Akampa mpaka jua lizame.

Sisi wanawake tukakata shauri letu. Makaa hayawezi kumwendea Bikira, basi Bikira atayapandia. Tukambeba mabegani mlima mzima, mimi upande wenye bega bovu, na tukafika wakati ule ule kigogo cha pili kinatoka. Abdénago alitimua mbio nacho mpaka mkebeni, mzee ambaye hata mvua haimharakishi, akatupita sisi na Bikira wetu bila kutupa jicho. Nayibe akakaza nati za kifuniko.

Tukangoja. Abdénago hakuweza kutulia. "Nifungue kidogo tu, Bikira aone?"

"Baba, tia mikono mfukoni."

Povu moja likapanda. Likafuata la pili, kisha yakaja mengi yanayosukumana, na maji yakaanza kushuka ndani ya chupa. Urquijo akapiga magoti matopeni na suruali yake ya pasi, akatazama mpaka chupa ikaisha maji na Nayibe akaweka nyingine.

"Tunabaki?" Nayibe akauliza.

"Mnabaki," akajibu.

Nilifurahi mpaka nikambusu Urquijo, na mume wangu yuko pale pale. Nayibe akamrukia baba yake shingoni, mikono ya mzee ingali mfukoni. Alipomwachia, Abdénago akavua kofia yake ya kazi, akamwendea Bikira, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Utusamehe, Mama," akasema. "Tumekuchosha na mlima bure. Mtoto ameweza mwenyewe."