Valvu ya Kushoto

Valvu ya kushoto, moja ya zile taa mbili za kioo zinazokuza sauti ya amplifaya ya gitaa, ilianza kuwa nyekundu dakika ya kumi na tatu tangu iwashwe. Haukuwa ule mwanga wa rangi ya chungwa unaotakiwa kuonekana katikati ya kioo. Huu ulikuwa wekundu wa bati la ndani, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni bila maji. Fundi, Mzee Bartholomeo, akaizima amplifaya haraka.

"Imekufa?" aliuliza Hosiana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja tangu asubuhi.

"Bado. Lakini tukiirudia hivi itakufa, na nyingine sina. Sijui kama mkoa huu una nyingine."

Hosiana alikuwa ameiteremsha amplifaya hiyo kutoka Towelo, mlimani, mpaka Mwembesongo, mjini, imefungwa kwa kanga mbili. Baba yake, Athanas, alitaka kupiga gitaa Jumapili, siku ambayo yeye na mkewe Filomena wangebarikiwa kanisani kwa kutimiza miaka hamsini ya ndoa.

"Alisema nikuletee wewe tu," alikuwa ameeleza alipofika. "Fundi mwingine asiiguse."

Bartholomeo alianza kufungua mafundo ya kanga. Yeye na Athanas hawakuwa wamesemeshana kwa karibu miaka arobaini.

Zamani wote wawili walikuwa kwenye bendi ya kiwanda cha nguo, Mindu Sauti. Athanas alipiga gitaa la solo, Bartholomeo alitunza vyombo. Ijumaa wafanyakazi walitoka zamu na nyuzi za pamba kwenye nywele, wakaingia ukumbini hivyo hivyo, na solo la Athanas likianza hakuna aliyebaki kwenye kiti. Hata Bartholomeo, nyuma ya jukwaa, bisibisi mkononi, alicheza peke yake.

Kisha valvu zikaanza kuungua, moja baada ya nyingine, miaka ambayo hata betri ya redio ilikuwa adimu. Kiongozi wa bendi akamuuliza Bartholomeo, naye akajibu mbele ya wote: "Ni Athanas. Anafungulia sauti kupita kiasi. Anatuunguzia vyombo kwa kupenda sifa."

Wiki hiyo hiyo Athanas alinyang'anywa gitaa. Akapanda mlimani kulima kabichi. Bendi ilipovunjika alikuja kuichukua amplifaya hii aliyokuwa akiipigia, akampita Bartholomeo mlangoni kama anayepita nguzo.

Sasa fundi akazichomoa valvu zote mbili zilipopoa, akazibadilisha nafasi, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Akawasha. Wakasubiri. Wekundu ukarudi upande ule ule wa kushoto.

"Basi valvu ni nzima," alisema, akazima. "Ugonjwa uko chini, kwenye nyaya."

Akaigeuza amplifaya, akashika mita ya kupimia umeme. "Kila valvu ina umeme mdogo wa hasi unaoizuia, kama breki," alimweleza Hosiana. "Breki ikiisha, inakimbia mpaka inajiunguza."

Alipoiwasha tena, mwanzoni mita ilisoma vizuri pande zote. Dakika ya tano, vizuri. Dakika ya kumi, upande wa kushoto, namba zikaanza kuteremka: arobaini, thelathini, ishirini na mbili. Bartholomeo akazima tena. Kitufe cha sauti kilikuwa kwenye sifuri. Hapakuwa na gitaa lililochomekwa. Hapakuwa na mtu anayepiga chochote.

Akaufuata waya kwa ncha ya bisibisi mpaka kwenye kapasita moja ya kahawia, kile kidude cha kutunza umeme, nene kama kidole gumba. Miguu yake ilikuwa imesokotwa mara tatu kabla ya kuchomewa risasi. Hakuna fundi mwingine aliyesokota hivyo. Yeye mwenyewe aliitoa kwenye redio mbovu mwaka ule wa dhiki, akaipima mara moja, ikiwa baridi, akaridhika. Ikipata joto ilivujisha umeme, na breki ikaisha.

"Mzee, umeona nini?"

Bartholomeo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

"Nimeona kazi yangu," alisema.

Akafunga kapasita mpya, akaiacha amplifaya ikiwaka saa nzima. Vioo vikabaki safi. Hosiana alipotoka kuita bodaboda, Bartholomeo akamwambia, "Ita mbili. Nakwenda na wewe."

Huko Towelo, Athanas alikuwa barazani, blanketi magotini, gitaa ukutani nyuma yake. Alimtazama mgeni akipanda ngazi za udongo, akihema.

"Umezeeka, Batho."

"Athanas, haikuwa wewe." Hakungoja hata kukaa. Alitoa mfukoni ile kapasita, akaiweka juu ya blanketi. "Ni hii. Niliifunga mimi. Nikakutaja wewe."

Athanas aliigeuza geuza kwenye vidole vilivyokakamaa kwa jembe.

"Nilijua si mimi," alisema. "Sikujua ni nini."

"Mbona basi ukasema niletewe mimi?"

"Ulitaka niipeleke kwa nani? Vijana wa simu?" Alicheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. "Ulisema mbele ya watu wote, Batho. Filomena alikuwa pale. Na mimba ya huyu Hosiana."

Bartholomeo aliinamisha kichwa. Hosiana alichomeka waya wa amplifaya, akampa baba yake gitaa. Athanas aliufuata wimbo wa zamani polepole, akikosea, akirudia, na sauti ikatoka nzito na safi, ikateremka bondeni kupita matuta ya kabichi.

Filomena alitoka jikoni, mikono imejaa maganda ya maharage. Alimtazama mume wake, kisha mgeni aliyekuwa bado amesimama. Akarudi ndani. Alipotoka tena alibeba kigoda. Akakiweka barazani, si karibu sana na Athanas, wala si mbali, akakifuta vumbi kwa upindo wa kitenge chake.