Mkuki Alioutupa Vika

Katika visiwa vyote vya Tonga hapakuwa na mwanamke wa kunishinda mimi, Lesieli wa Haano, kurusha mkuki. Hilo hata Mwalimu Kitione hawezi kulikana. Ni kweli kwamba siku ya mchujo tulijitokeza wanawake wawili tu, na mwenzangu, Fusi, alikuwa na jipu kwapani. Lakini kushinda ni kushinda. Jipu halikuwa langu.

Mkono huu niliupata kwenye magome. Tangu usichana wangu nilikaa kwenye gogo pamoja na mama zangu, tukiponda magome ya mti kwa nyundo za mbao mpaka yalainike yawe ngatu, ile nguo yetu ya harusi na mazishi. Kutwa nzima, ta, ta, ta. Ukitaka kujua nani kaudhiwa nyumbani, sikiliza nyundo. Yangu ilisikika kisiwa cha pili. Kwa hiyo waliponipa mti wa kuangulia mashelisheli wakaniambia, "Haya, tupa tuone," niliutupa ukavuka ua wa kanisa, ukamkosakosa nguruwe wa mchungaji, na mchungaji mwenyewe akasema, "Huyu apelekwe Suva kabla hajatumaliza."

Suva kulikuwa na michezo ya visiwa vyote vya bahari yetu. Wakati huo michezo yenyewe ilikuwa bado michanga, hakuna aliyejua vizuri nani asimame wapi. Wenzetu walikuja na makocha, viatu vya misumari na mikoba ya rangi moja. Sisi tulikuja na viazi vikuu, Biblia, na mkuki mmoja wa nchi nzima, uliopinda kidogo, ambao ukiruka unakata kushoto kama mlevi anayejua kwake. Nilikwisha uzoea. Nilikuwa nalenga kulia.

Kaka yangu Taniela alikuwemo pia msafarani, bondia. Mimi ndiye mkubwa, lakini hata ningekuwa mdogo ingekuwa vilevile, maana kwetu dada ni mkubwa wa kaka, hata kaka awe na ndevu na dada awe bado ananyonya. Kaka haingii chumba anacholala dada. Haketi kwenye mkeka wake. Wanaume wakianza mizaha yao na dada yuko karibu, yeye huondoka. Na mwili wa dada yake hautaji. Si mguu, si goti; si kwa rafiki, si kwa daktari. Basi ndani ya meli mimi nililala mbele na Taniela nyuma, na tukipishana mmoja anageukia bahari. Mpishi wa meli, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akamuuliza Fusi, aliyekuja kama mrushaji wa akiba, kama wale wawili wamegombana.

"Wagombane wapi?" Fusi akamjibu. "Wanapendana."

Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Kitione, kijana wa soksi nyeupe na filimbi shingoni. Filimbi aliipuliza hata wakati wa kula. Alikuja na mpwa wake, Vika, mtoto wa dada yake, ati awe fundi wa kutushonea nguo. Vika alikuwa msichana mzuri, mcheshi, sina ugomvi naye. Kola ya shati langu aliishona mgongoni.

Asubuhi ya mkuki nilikuwa nimekwisha vaa kaptula nyekundu ya timu, iliyoishia hapa, siwaonyeshi wapi. Nimeupaka mkono mafuta ya nazi, nimesali, nimekula kiazi kimoja tu nisiwe mzito. Kitione akaja, akasimama nje ya mlango wa bweni la wasichana, akizitazama soksi zake.

"Dada Lesieli," akasema, "leo hutarusha. Kaka yako ameniomba."

"Ameomba nini?"

"Unajua ni nini. Mimi ni mtu mzima, siwezi kulitamka."

Na mimi, mjinga wa kuokotwa, nikamwona mtu wa adabu kwa kutolitamka!

"Sasa atarusha nani?" Fusi akauliza nyuma yangu.

"Vika. Wewe Fusi nawe una kaka. Vika hana."

"Hana na mkono," Fusi akasema. Kitione akapuliza filimbi, sijui kwa nani, akaondoka.

Nilikaa kitandani. Fusi akavaa kandambili. "Nakwenda kumuuliza Taniela sasa hivi."

"Umuulize nini? Umtajie kaka yangu kaptula yangu?"

Hakukuwa na njia. Swali lile ungelizungusha huko na huko, ulianzie kwenye hali ya hewa ukitaka, mwisho lingefikia kwenye miguu yangu.

"Huyo Kitione anadanganya," Fusi akasema. "Dada yake anataka mwanawe apate jina."

"Fusi, amemtaja kaka yangu. Nani anaweza kumsingizia mtu jambo hilo?"

Hilo ndilo lililonifunga. Ungeweza kusingizia wizi, ulevi, hata mimba. Lakini kumtia mtu mdomoni neno kuhusu dada yake, hilo lilikuwa halijazaliwa. Basi nikaamini. Nikavua kaptula nyekundu, nikavaa sketi na mkeka wangu wa kiunoni, vazi letu la heshima, nikaenda jukwaani na mabibi wa kanisa kumtazama Vika akirusha mkuki wangu.

Mara ya kwanza ulitua kwa mkia. Mara ya pili Vika mwenyewe aliuvuka mstari akaenda nao. Mara ya tatu ulikata kushoto, mzee aliyeshika kamba ya kupimia akaruka, uwanja mzima ukacheka, na Vika naye akacheka, akainama kama mcheza ngoma. Hakuna aliyemwambia alenge kulia. Angeniuliza ningemwambia. Hapana. Nisingemwambia.

Mwanamke aliyeshika nafasi ya tatu alirusha mpaka pale ambapo mimi hufika nikiwa na mafua. Bendera ya kwao ikapanda nguzoni. Nikasimama kwa heshima pamoja na watu wote, meno yameumana, nikiitazama ile nguzo nyeupe na kuona jinsi ilivyonyooka, na jinsi ambavyo ningeing'oa ningeituma mpaka bandarini.

Jioni Taniela alipanda ulingoni. Mimi sikwenda, haifai dada kumtazama kaka kifua wazi. Fusi ndiye aliyenisimulia. Alisema Taniela alipigana kama mtu anayeanua nguo. Mikono inakwenda, yeye mwenyewe hayupo. Alipigwa mpaka jicho la kushoto likafumba. Mabibi walilia. Mimi nikasema moyoni, wangeongeza.

Tukarudi, yeye nyuma ya meli, mimi mbele.

Hasira watu huisema kama moto. Yangu haikuwa moto, moto huzimika. Yangu ilikuwa kazi ya mikono. Niliiamkia. Taniela alioa mke mwema, Meliame, wakapata watoto, wakaniita shangazi, na mnajua shangazi kwetu ni nani: akisema hapana, hata baba wa mtoto hanyanyui kichwa. Kila sherehe Taniela aliniletea nguruwe aliye bora na kiazi kirefu kuliko vyote, anaviweka mlangoni, anarudi kinyumenyume. Heshima yake ilikuwa haina doa, na kila siku ilinichoma. Kunikata mkono aliweza, nilikuwa najisemea, na kuniletea nguruwe anaweza. Sikumuuliza. Hakuniuliza. Tulisalimiana kama watu wa ofisini. Wasichana niliokuwa nawafunza kuponda magome wakanambia, "Shangazi, polepole, utatoboa." Nilitoboa mara nyingi.

Kitione alipanda vyeo. Akawa mkuu wa shule, akawa mzee wa kanisa, akawa ndiye anayeitwa kila mara watu wakitaka kusikia habari za ile michezo ya zamani. Vika akaolewa Auckland, akanenepa, Krismasi huniletea sabuni.

Mwezi uliopita Taniela akafa.

Mazishini mahali pangu panajulikana. Dada wa marehemu huketi kichwani pake, juu ya ngatu na mikeka bora, na hakuna awezaye kumnyamazisha. Mjane na watoto huvaa mikeka mipana iliyochakaa, hukaa chini kabisa, na ndugu wengine wako nyuma ya nyumba wanafukia nguruwe kwenye tanuri la ardhini. Nikaketi. Nikamtazama kaka yangu usoni kwa karibu, jambo ambalo akiwa hai hatukulifanya. Kope ya kushoto, ile ya Suva, ilikuwa bado imelegea chini ya mwenzake.

Meliame akanisogelea kwa magoti, nywele zimefumuliwa.

"Wifi, nisamehe. Kuna jambo Taniela alinikataza kukuuliza. Sasa hawezi kunikataza."

"Uliza."

"Siku ile Suva, kwa nini ulikataa kurusha?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani kasema nilikataa?"

"Yeye. Alitoka uwanjani asubuhi mapema, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji, uso ukutani, ili asikuone, uwe huru. Akamwambia Msamoa mmoja apige ukelele ukirusha. Akakaa huko anasubiri ukelele." Meliame alifuta pua kwa ncha ya mkeka. "Akaja Mwalimu Kitione. Akamwambia, dada yako amekataa, anaona haya kwa sababu yako, rudi bwenini. Maisha yake yote, wifi, alikuwa anajiuliza alikukosea nini hata ukadhani atakutazama."

Nilishika ukingo wa ngatu iliyomfunika, kazi ya mikono yangu, nene kuliko inavyotakiwa. Vika alikuwa mtoto wa dada yake Kitione. Kwetu mtoto wa dada akitaka kitu cha mjomba anachukua, hata kiwe jino lake la dhahabu, na mama mtu akiamuru kaka mtu anatii. Kwa hiyo angeniambia, "Lesieli, dada yangu ameniamuru nimpe mwanawe mkuki." Basi! Ningenuna. Ningemtukana mpaka kisiwa cha Vava'u wasikie. Na ningeelewa, maana nani asingeelewa? Badala yake alikwenda kutafuta mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuuliza, akaficha uongo wake humo, nusu kwangu, nusu kwa Taniela, akatufungia mlango. Mkuki ni mti tu. Lakini kaka nilikuwa na mmoja.

Na Kitione huyo akaingia. Suti nyeusi, mkeka mpya kiunoni, fimbo yenye kichwa cha fedha. Viatu kaviacha mlangoni, soksi bado nyeupe. Wimbo ulipokwisha akasimama kutoa neno, kama kawaida yake.

"Marehemu alikuwa mtu wa heshima," akaanza, sauti imelowa. "Vijana wa leo hawajui. Mimi nilikuwa naye Suva. Asubuhi ya mkuki alinijia mwenyewe, machozi yanamtoka, kwa ajili ya dada yake huyu tunayemwona hapa. Heshima ya namna hiyo imekwenda wapi?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikainua mkono.

"Mwalimu," nikasema, kwa sauti yangu ya kikongwe, ile ninayoitumia nikitaka kupewa kiti. "Mimi nimebakiza masikio tu, na kaka yangu hasemi tena. Nipe zawadi moja. Nipe maneno yake."

"Maneno yake?"

"Yale aliyokuambia asubuhi ile. Mwaka ule hukutaka kuyatamka. Sasa sote ni wazee."

Akalainisha midomo. "Alisema... hapendi urushe."

"Hayo ni yako, hayo nilikwisha yasikia mlangoni. Yake, Mwalimu. Nataka kwenda nayo kaburini. Alisimama mbele yako, machozi yanamtoka, akafungua mdomo, akasemaje?"

Nyuma ya nyumba hata waliokuwa na majembe kwenye tanuri walikuwa wametulia. Kitione alitazama watu, watu wakamtazama. Mtu aliyezoea kusikilizwa hawezi kuacha kimya kikae.

"Alisema," akasema, kifua mbele, "alisema, 'Mwalimu, dada yangu amevalishwa kaptula fupi, na watu wote wataona mapa...'"

Alisita hapo. Alikuwa amechelewa.

Bibi mmoja karibu na dirisha alisema "Hee!" kama aliyekanyaga msumari. Wanaume wakainamisha vichwa, maana hakuna hata mmoja wao, tangu azaliwe, aliyewahi kusikia kaka akisema neno hilo juu ya dada yake, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Nje mtu alicheka, akazibwa mdomo. Meliame akanyanyuka taratibu, akauvuta ukingo wa ngatu yangu, akamfunika Taniela masikio.

Kitione alibaki pale pale, mdomo umefunguka kwenye nusu ya neno.

"Malizia, Mwalimu," nikamwambia. "Kaka yangu alisema wataona nini?"