Tumbaku ya Kupimia Hewa

Kipketer alikuwa na shamba lake, lakini macho yake yalikuwa kwenye la Cherono, mjane wa ndugu yake. Asiyekutaka hakuambii toka. Mwaka wa 1974 maharagwe ya Kipketer yalipotoka madoa ya kahawia, alitangaza kote Elburgon kwamba shemeji yake ameyanyunyizia sumu. Kumwamini ni ujinga, na wajinga hawakukosekana.

Pritam, mwalimu wa Nakuru aliyekuwa akichunguza hewa, alimweleza Cherono ukweli. Moshi wa malori na wa vichaka vinavyochomwa hupigwa na jua, ukazaa hewa kali isiyoonekana, iitwayo ozoni. Upepo huisukuma hadi mashambani, nayo huunguza majani. Akampandia miche ya tumbaku uani, kwa kuwa tumbaku huonyesha madoa kabla ya mimea mingine.

"Ikitoka madoa hapa kwako, mama, na hakuna mtu ameigusa, wazee wataona ni hewa. Usikubali mtu aiguse."

Rahisi kusema! Tumbaku, katikati ya wazee wa ugoro! Majani hayajakomaa, mikono ilishaanza kupenya ua. Cherono alichoka kufukuza watu. Akasimama njiani akapiga kelele: "Hiyo tumbaku iko na sumu! Mtu akinusa atakufa, na mimi sitamzika!" Wezi wakakoma siku hiyo hiyo.

Madoa yalitoka. Baraza la wazee lilipokuja uani kuamua kesi, Pritam aliinua jani moja, akaeleza habari za jua na upepo, na wazee wakaanza kuitikia. Kipketer akacheka.

"Mwalimu, huyu mama alituambia mwenyewe hii kitu iko na sumu. Ama alikuwa anatudanganya?"

Waliojua kwa nini alisema hivyo walikuwa wale wale wezi wa majani, na wote walinyamaza. Cherono alishikwa na hasira. Alilinyakua lile jani, akalitafuna, akalimeza. Lilimchoma koo, machozi yakamtoka, lakini hakutema.

"Nimekula. Kama ni sumu, si nife basi?"

Wakamngoja. Cherono alisimama wima, akiwakodolea macho mmoja mmoja.

"Si mmeona wenyewe?" Kipketer akawauliza wazee. "Sumu yake haimuui mwenyewe."

Mwenyekiti wa baraza akavaa kofia yake, akamwambia Cherono ahame kabla ya mvua.